Wapeni Wazazi Wapya Kivuli na Nusu Saa

Barua ya wazi kwa Waheshimiwa Madiwani na Waganga Wakuu wa Halmashauri za Handeni Mji, Handeni Wilaya, Korogwe Mji na Korogwe Wilaya

Waheshimiwa,

Kwa taadhima inayowastahiki watu waliokabidhiwa amana ya afya za wenzao, naomba idhini ya kuwaandikia hadharani juu ya jambo ambalo, kwa kuwa halina bajeti wala jiwe la msingi, sidhani kama litapata nafasi katika ajenda za mabaraza yenu lisiposukumwa kutoka nje. Jambo lenyewe ni urafiki: urafiki wa wanawake wenye mimba za wakati mmoja katika mtaa au kitongoji kimoja, na wa waume zao, ambao kliniki zenu huwakusanya kila mwezi kwa nguvu ya kadi na kuwatawanya kabla hawajajuana majina. Yamkini yupo atakayetabasamu akisoma hivyo, na kuuliza tangu lini serikali ikawatafutia watu masahibu. Namwomba mheshimiwa huyo anisikilize kidogo kabla hajaiweka barua hii kando.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Manundu, mwenye binti aliyeolewa Handeni. Na kwa sababu hiyo barabara ile ya lami ya kilomita 65 inayoiunganisha miji yetu miwili nimeisafiri sana, na mabenchi ya kliniki za pande zote mbili nimeyakalia sana, zamani nikiwa mama na sasa nikiwa bibi. Niyasemayo sikuyasoma kwanza kitabuni. Niliyaona, ndipo nikatafuta kama yamekwisha kuandikwa na wajuzi.

Nendeni, tafadhalini, katika zahanati yoyote ya kata zenu asubuhi ya kupima watoto, na mwende bila kuarifu, maana mkiarifu mtakuta benchi limefutwa vumbi na wazazi wamepangwa mistari. Mtaona mizani imetundikwa kwenye boriti ya baraza au kwenye tawi la mwembe. Kila mama amekuja na kichupi chake cha kumtilia mtoto, kilichoshonwa kwa kipande cha kitenge na kutiwa kamba mbili, na kadi yake ameifunga katika mfuko wa nailoni isipate unyevu. Mtoto hutiwa, huning'inizwa, hulia kilio cha kuonewa. Nesi husoma uzito, mwenziwe huandika. Halafu huja lile ambalo mimi hulingojea. Mama akitakiwa kuingia ndani kuchukua dawa, au akibanwa na haja, au mtoto wake mkubwa akichopoka kuelekea barabarani, humgeukia mwanamke aliye karibu naye, ambaye pengine hajapata kumwona tangu azaliwe, akamwambia, "Dada, nishikie mtoto," na yule humpokea, humpakata pamoja na wake, mmoja paja la kulia na mmoja la kushoto, na akilia sana humpiga-piga mgongoni hadi mwenyewe atakapotoka. Katika miji yetu, ambamo mtu haachi ndoo yake bombani bila ya kuweka mlinzi, mwanamke humwachia mgeni mwanawe wa wiki kumi bila ya kusita. Na robo saa baadaye wote wawili wako langoni, mmoja anapatana nauli na bodaboda, mwenziwe anakaza beleko aanze safari ya miguu, wala hakuna aliyemwuliza mwenzake nyumba yake iko wapi.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Uaminifu upo tayari, na watu wamekwisha kukusanyika kwa gharama zao wenyewe. Kinachokosekana ni muda wa kukaa, na utaratibu utakaowakutanisha tena wale wale.

Takwimu za nchi yetu hufurahisha na kuhuzunisha kwa pamoja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikadiria kuwa katika kila vizazi hai 100,000 walifariki kina mama 556. Ule wa 2022 ukakuta 104. Katika muda huo waliojifungulia vituoni walitoka asilimia 63 wakafika 81. Mwenye insafu hawezi kuyasoma haya asiwashukuru wakunga, waganga, na wale madereva wa huduma ya usafiri wa dharura ya m-mama ambao mtu hupiga 115 usiku wa manane na gari likaja. Lakini tafiti hizo hizo zasema kwamba watoto waliofariki katika siku 28 za mwanzo za maisha yao walikuwa 25 kwa kila 1,000, na baada ya jitihada zote hizo wakawa 24. Sidai kuwa urafiki ungemponya mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake, wala aliyekosa pumzi wakati wa kuzaliwa. Hao wanataka vifaa na mikono iliyofunzwa, na nawaombeni msipunguze senti yao hata moja kwa ajili ya barua hii. Nasema wapo wengine ambao hupotea kwa kuchelewa: kitovu kimeanza kutoa usaha, mtoto ameacha kunyonya tangu alfajiri, macho yamekuwa ya manjano, na mama wa miaka kumi na tisa, peke yake katika chumba cha kupanga, anajiuliza kama hiyo ni hali ya kawaida ya watoto wote au ni maradhi, na hana wa kumwuliza ila mama mwenye nyumba, ambaye amegombana naye juu ya bili ya umeme.

Desturi za wazee wetu hazikuliacha pengo hilo wazi. Mzazi alikuwa na arobaini yake, siku ambazo hakuchota maji wala hakuinama jikoni. Mama yake alikuja na mzigo wake kichwani, wifi akashika zamu, uji ukapikwa ukatiwa pilipili manga, na jirani aliyepita kumwona mtoto hakuja mikono mitupu, na kabla hajaaga alikuwa amekwisha kumtazama mtoto utosi hadi unyayo kwa jicho la mtu aliyelea. Yanipendeza kuona kwamba hesabu ya wizara, inayomfuata mzazi hadi siku ya 42, na hesabu ya bibi zetu zimepishana siku mbili tu.

Ila zamani hizo jamaa walikaa pamoja. Leo binti wa Bungu, mlimani, amemfuata mume Mkata, ambako anauza machungwa kando ya barabara kuu. Binti wa Kwamsisi yuko Korogwe mjini akifanya kazi ya mkataba. Mama zao wana mashamba yao, na pengine wana wajukuu wengine katika miji mingine mitatu. Mama huja, ndiyo, hukaa wiki mbili, kisha mvua hunyesha na palizi humwita. Siku zinazobaki mzazi hubaki na simu. Mwishoni mwa 2012 wizara ilianzisha kampeni ya Wazazi Nipendeni, yenye ujumbe wa bure wa simu kwa wajawazito na wazazi, na ilikuwa kazi njema iliyofika mbali. Lakini ujumbe wa simu haubebi ndoo ya maji, wala haumshikii mtu mtoto aoge.

Wala si mara ya kwanza kwa nchi yetu hii kukusanya wazazi wasio na jamaa. Waheshimiwa wa Korogwe mnajua kwamba mkonge wenu ulilimwa na manamba walioletwa kutoka Kigoma, Songea, Unyamwezini na hata Ruanda-Urundi, na kwamba mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandika vibarua, SILABU, kilichowasafirisha watu hao kwa maelfu. Wanawake walipofuata waume zao walizalia kambini, mamia ya maili kutoka kwa mama zao. Nani aliwakanda maji ya moto? Mke wa chumba cha pili, wa kabila jingine na lugha nyingine, ambaye naye mwezi uliopita alikandwa na wa chumba cha tatu. Utani ulisaidia sana hapo, maana mtani ana ruhusa ya kuingia nyumba ya mtu bila kubisha, kumtukana mwenye nyumba, na kumfulia nguo za mtoto kwa pumzi hiyo hiyo. Nilikua jirani na kambi za namna hiyo, na nilisoma darasa moja na watoto waliokuwa na mama wanne wanne wa kuwaamkia shikamoo, ambao hata mmoja wao hakuwa ndugu wa damu wa mwenziwe. Hakuna meneja aliyeuamuru undugu ule. Ila zile nyumba zilijengwa zikitazamana, na bomba lilikuwa moja.

Na kwenu, Waheshimiwa wa Handeni, jambo hili si la historia. Kule Chogo wamo Wazigua waliozaliwa Somalia, vizazi vya watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani hii katika karne ya 19, waliorejea katika nchi ya babu zao wakiwa wakimbizi. Na tangu Juni 2022 jamaa za wafugaji wa Ngorongoro zimehamia Msomera. Mengi yamesemwa juu ya uhamaji huo, wala si kazi ya barua hii kuyahukumu, ila moja ni dhahiri, nalo ni kwamba nyumba yaweza kujengwa kwa miezi, na ujirani hauwezi. Mwanamke wa Kimaasai aliyefika na mimba, aliyezoea kuzungukwa na wake wa shemeji zake na wazee wa boma lake, anapokaa kwenye benchi moja na Mzigua ambaye ardhi ile ameijua tangu utoto, wote wawili wakiwa na miezi saba, nadhani pale pana suluhu ambayo vikao vingi vya wazee wa kiume havijaipata. Mmoja anajua maziwa, mwenziwe anajua njia ya kwenda kwa mkunga usiku. Lakini wakiitwa kliniki siku mbalimbali, au wakiitwa siku moja na kuambiwa "mwingine, mwingine, haraka," hawatajuana mpaka watoto wao wapigane shuleni.

Nilisema nilitafuta kama wajuzi wameyaandika haya. Wameyaandika. Katika wilaya ya Makwanpur, nchini Nepal, wanawake wa vijijini walikutanishwa kila mwezi, wenye mimba na wasio nazo, na mwanamke wa kawaida wa hapo hapo akawaongoza kuzungumza matatizo yao ya uzazi na kuyatafutia dawa wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha vifo vya watoto wachanga vimepungua kwa asilimia 30 kuliko mahali pasipo vikundi. Mwaka 2013 yakakusanywa majaribio saba ya namna hiyo, ya Bangladesh, India, Nepal na jirani zetu wa Malawi, ikaonekana kwamba palipohudhuria walau asilimia 30 ya wajawazito, vifo vya wachanga vilipungua kwa theluthi moja na vya kina mama kwa karibu nusu. Na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza vikundi hivyo kwa nchi kama yetu. Kadhalika upo mtindo wa kliniki ya pamoja, ulioanzishwa Marekani mwaka 1993 na mkunga Sharon Schindler Rising, ambao wajawazito wa umri mmoja wa mimba hupimwa na kufundishwa kwa mduara, si mmoja mmoja. Nao umejaribiwa Malawi na hapa Tanzania. Nakiri kwamba vikundi hivyo havikuwa vya soga tupu. Vilikuwa na mwongozaji na mazungumzo yaliyopangwa. Hata hivyo sikuona katika taarifa hizo kwamba mzazi aliokolewa na chati ya ukutani. Aliokolewa na mwenziwe aliyemwambia twende sasa hivi.

Kuna la nyumbani zaidi. Miaka ya 2010 ulifanyika katika vituo vinane vya Korogwe na Muheza utafiti ulioitwa Staha, juu ya namna wazazi wanavyotendewa wanapojifungua. Walioulizwa mlangoni, wakitoka na watoto wao, asilimia 19 na ushei walisema walipata kutendewa lisilo la staha. Baadhi yao wakafuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, na waliosema hivyo wakawa asilimia 28. Nisomapo hesabu hizo mbili naona kwamba mwanamke akiwa mlangoni pa wenye mamlaka husema "alhamdulillahi, salama," na akiwa ukumbini kwake, miguu ameinyoosha na mtoto analala, husema yaliyomo moyoni. Korogwe haikuyafukia hayo: jamii na watumishi waliketi, wakaandika mkataba wa huduma, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kwamba vitendo vya utovu wa heshima vilipungua kwa kiasi kikubwa. Basi ikiwa mnapenda kuzijua huduma zenu kwa ukweli, wapeni wazazi mahali pa kuzungumza wao kwa wao, kisha mwende mkawasikilize, kwa maana katika sanduku la maoni lililotundikwa karibu na chumba cha mganga mfawidhi sijaona bado ila karatasi za peremende.

Nisije nikaonekana kuwa nimesahau nchi ninayoizungumza. Nazijua hofu za watu wetu. Mimba changa haisemwi. Mwanamke hujifunika kanga mbili, na ukimwuliza hukwambia ana tumbo la gesi, kwa kuogopa husuda na jicho baya, na zaidi kwa kuogopa maneno iwapo mimba haitafika. Wapo watakaosema kwamba kumkalisha mjamzito na wageni ni kumtia mdomoni mwa watu. Wanaodharau hofu hiyo sijaona wamefanikiwa jambo. Ushauri wangu ni kwamba asilazimishwe mtu, wala lisisomwe jina hadharani, na mazungumzo yaanze mimba ikiwa imekwisha kujitangaza yenyewe, miezi mitano na zaidi. Pia wapo waliokuja na siri za kadi zao, za virusi na za dawa, na siri hizo zibaki pale pale zinapotunzwa sasa, ndani, kwa muuguzi. Barazani huzungumzwa maziwa, usingizi, mama mkwe na bei ya nepi.

Sasa niseme ninachoomba, maana barua isiyo na ombi ni porojo.

Pangeni siku za kliniki ya wajawazito kwa mitaa na vitongoji, na ndani yake kwa miezi ya mimba, kadiri idadi inavyoruhusu, ili wanawake watakaozaa msimu mmoja na wanaoishi karibu waitwe siku moja. Kazi hii ni ya daftari na kalamu. Kisha waacheni wakae nusu saa baada ya kupimwa, chini ya kivuli, na muuguzi asiwafukuze kwa ajili ya kufagia. Mahali pasipo mwembe, pajengwe kibanda cha makuti au mabati, chenye sakafu na mabenchi yanayotazamana. Naomba mlizingatie hilo la kutazamana, kwa sababu mabenchi yote ya serikali niliyoyaona hutazama mlango wa daktari, na mtu hawezi kufanya urafiki na kisogo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye mpango wake wa kitaifa ulizinduliwa Januari 2024, awepo kuanzisha mazungumzo, halafu apunguze maneno. Na kabla ya kuondoka kila mmoja ajue nyumba za wenzake wawili. Hayo tu. Kwa kuwa siku mzazi atakapokuwa ndani katika arobaini yake, hatoki yeye kuwafuata watu. Lazima watu waijue njia ya kwake mapema.

Baada ya hapo ratiba ya chanjo itafanya kazi iliyobaki bila ya kuhitaji waraka mpya. Watoto waliozaliwa mwezi mmoja huitwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha mwezi wa 9 na wa 18 kwa ajili ya surua. Tazameni jinsi ilivyopangwa vizuri, kana kwamba aliyeipanga alikusudia kuwakutanisha mama wale wale mara tano. Na watoto wa Korogwe wana historia yao katika mambo ya chanjo: walikuwa miongoni mwa waliojaribiwa chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike kwa watoto wa Afrika mwaka 2021. Mama zao walikwenda na kurudi katika vituo kwa miaka, kwa faida ya watoto wa nchi ambazo hawatazifika. Nusu saa ya kivuli si malipo makubwa kwa muawana wa namna hiyo.

Nije kwa wanaume, ambao kila mradi wa uzazi huwataja katika ukurasa wa mwisho. Wapo zaidi ya tunavyodhani, ila wako nje ya uzio, juu ya pikipiki zao, wakizungumza Simba na Yanga ili wasizungumze kinachowaogopesha. Nimemsikia kijana mmoja, ambaye mkewe alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza, akimwuliza mwenziwe kwa sauti ya chini kama ni kweli baba anaweza kuingia wodini, yule hakujua, wakarudi kwenye mpira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humpa baba walau siku 3 za likizo, nazo lazima zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, na hata hizo humhusu mwenye mwajiri. Mwendesha bodaboda likizo yake ni tangi tupu. Kijana huyo anahitaji kumjua mwanamume mwingine wa mtaa wake aliyepita hapo mwaka jana, atakayemwambia aweke akiba kiasi gani, damu itatolewa na nani ikihitajika, na kwamba mke kulia bila sababu katika wiki ya kwanza si dharau kwa mumewe. Watengewe nao benchi. Ila desturi ya kumpitisha mbele ya foleni mwanamke aliyekuja na mumewe iangaliwe upya, kwani aliye peke yake, ambaye mume amekufa, au amekimbia, au yuko safarini, huona tangu mlangoni kuwa amehesabiwa pungufu, naye ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote ya kupata wenzake.

Na yuko mwingine, ambaye ningependa mnipe nafasi nimzungumze taratibu. Watoto 24 katika kila 1,000 maana yake ni kwamba katika kila vizazi arobaini na kitu mmoja hatatimiza mwezi, na hapo hatukuwahesabu waliozaliwa wakiwa wamekwisha kufariki. Katika kata yenye vizazi vingi mama huyo yupo kila mwaka, tena si mmoja. Akiwa mjamzito alikuwa na kadi na tarehe. Mtoto alipofariki, tarehe zilikwisha. Hana chanjo ya wiki ya 6, hana siku ya mizani, hana sababu ya kufika mahali walipo wanawake wote aliokaa nao miezi minne. Daftari halimtafuti, kwa maana daftari hutafuta watoto. Maziwa yamemjaa kifuani na hakuna wa kumwambia la kufanya. Mazishi ya kichanga kwa kawaida yetu ni mafupi, na watu huambizana wasimlie sana asije akakufuru. Marafiki zake wa benchi, kama angekuwa nao, wangeona aibu kwenda kwake na watoto wazima migongoni, na ningewaelewa. Lakini wawili katika wao wangewaacha watoto kwa bibi zao wakaenda, wakafua, wakakaa kimya naye. Nimeyaona yakifanyika mara moja, Handeni, baina ya wanawake waliojuana kwa bahati tu kwa sababu mvua iliwazuia wote zahanati kutwa nzima. Kila nikumbukapo najiuliza ni wangapi ambao siku yao ya kliniki mvua haikunyesha.

Najua jibu la kwanza litakuwa uhaba wa watumishi. Ni kweli, na zipo zahanati ambazo muuguzi mmoja huzalisha, huchoma sindano, huandika madaftari ya MTUHA na kupokea wageni kutoka wilayani kwa siku hiyo hiyo. Kwa ajili yake nasema tena kwamba simwongezei kazi, namwomba asiwaondoe watu. Tena nadhani baada ya miezi michache atapata nafuu, kwa sababu swali la mzazi mpya lililojibiwa na mwenziwe barazani halitamfikia yeye saa nane ya usiku kwa simu.

Ninaloliogopa mimi ni la upande wa pili, kwamba mtalipenda mno. Litapewa jina na kifupisho, fulana zitachapishwa, ataletwa mgeni rasmi, kikundi kitatakiwa kiwe na katiba, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kifungue akaunti, kisha kiambiwe kiombe mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri katika fungu la wanawake. Mikopo ni mizuri, na vikoba nimevicheza mwenyewe, ila kikundi cha fedha kina sheria zake, na mwanamke aliyekosa marejesho huacha kuja. Aliyekosa fedha ndiye tunayemtaka aje. Wakitaka wenyewe kuanzisha upatu wa sabuni na vitenge, hiyo ni shauri yao, nasi tusiwaandike popote.

Kwa hiyo siombi mfanye kata zote. Chagueni vituo viwili, kimoja kila upande wa mto Pangani, ambao maji yake, kwa bomba la HTM, wanayanywa hata watu wa Handeni, na mvijaribu tangu msimu mmoja wa vuli hadi wa pili. Korogwe mwape watumishi wa Staha waliobaki nafasi ya kushauri, Handeni mwaulize wanawake wa Msomera na Chogo kabla ya kuwauliza waume zao. Kivuli cha muda nipo tayari kusaidia kukitafuta, na wapo walimu wenzangu wastaafu, wake kwa waume, ambao wana asubuhi nyingi na kazi chache. Mkiona ombi hili halifai, naomba jibu la hapana nalo liandikwe, na libandikwe kwenye mbao za matangazo za kliniki zenyewe, kando ya ratiba ya chanjo, wazazi walisome wakingoja zamu zao.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu,
Manundu, Korogwe